Koti Msumarini

Mkono wake ulitetemeka alipopokea kikombe, na hapo ndipo Fundi alipompenda.

Mtu mwingine asingeona. Lakini yeye alikuwa fundi saa, na riziki ya fundi saa iko kwenye vitu vidogo vinavyotikisika. Kikombe kiligonga kisahani, tik, tik, tik, kama saa iliyotoka kutiwa ufunguo, na mwanamume mzima, mwenye mabega ya kubebea milango, akainamisha macho kwa aibu. Fundi akajiambia: huyu ananitaka mpaka vidole vinamsaliti. Alikuwa mjane. Alikuwa amekwisha kusahau kwamba ana shingo ya kutazamwa. Ule mlio wa kikombe aliulalia, akauamkia.

Mtaa mzima ulimwita yule bwana Kunguni. Si kwa ubaya, ni kwa kazi. Alikuwa mpuliza dawa: kunguni, mende, siafu, mchwa, viroboto, chochote chenye miguu kinachokula mtu au mali ya mtu. Watoto wakimwona na bomba mgongoni walipiga kelele, "Kunguni huyooo!" naye akawaelekezea mpira wa bomba, wakatawanyika wakicheka.

Alifika mlangoni kwa Fundi siku majirani walipochanga nguvu kuua mende nyumba kwa nyumba. Fundi alisimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Hapa hupulizi."

"Dada, nisipopuliza, mende wa mtaa mzima watahamia kwako."

"Waje. Hapa mende ni mifugo."

Akamwingiza ndani akamwonyesha. Kwanza ndoo yenye kifuniko cha wavu, jikoni, imejaa mende wanaokula maganda ya karoti. Kisha, sebuleni, sanduku la kioo, na ndani yake buibui mkubwa kama kiganja kilichofunguliwa, mweusi, mwenye manyoya mekundu kwenye magoti. Bi Manyoya. Kunguni alicheka mpaka akakalia bomba lake.

"Miaka yote naua mende," alisema akifuta machozi, "kumbe kuna mtu anawalisha!"

Kesho yake alirudi bila bomba.

Bi Manyoya hakuwa wa Fundi. Alikuwa wa marehemu. Marehemu alikuwa fundi vioo. Baharia mmoja alimpa kale kabuibui kakiwa kadogo kama kitufe, ndani ya mkebe wa biskuti, na yeye akakata kioo kwa mkono wake mwenyewe, akagundisha sanduku, akaweka wavu juu ili kiumbe kipate hewa. Kabuibui kalikua. Buibui jike wa aina ile huishi miaka mingi kuliko mbwa, kuliko paka, na wakati mwingine, kama ilivyotokea, kuliko anayemfuga. Asubuhi moja marehemu alipanda ghorofani na kioo cha dirisha mikononi, na kioo ndicho kilichofika chini salama.

Nyumba ilibaki na watu wawili na buibui mmoja. Mtu wa pili alikuwa mama mkwe wake, chumba cha nyuma, mama wa marehemu. Kila asubuhi kabla ya kunywa chai alipita sandukuni, akagonga kioo kwa kucha. "Umeamkaje, baba?" Baba. Fundi alizoea.

Jambo ambalo hakulizoea ni vita ya kitambaa. Kila Kunguni alipobisha hodi, mama mkwe alinyanyuka, akatoa kitambaa cheupe cha meza, akalifunika sanduku lote kama anavyofunikwa maiti, ndipo akaenda chumbani kwake.

"Mama, unamdhalilisha mgeni."

"Yule mtu ananuka kifo."

"Ananuka dawa."

"Dawa ya nini? Si ya kuua? Sasa nimesema nini tofauti?"

Na Fundi, kabla ya kufungua mlango, alikivuta kitambaa, akakikunja, akakiweka chini ya mto wa kiti. Aliona wazi maana yake: mama anamfunika mwanawe macho asione mkewe anacheka na mwingine. Hilo lilimchoma. Kunguni akiingia, sanduku liko wazi, Bi Manyoya anatazama na macho yake yote manane. Kunguni anavua koti la kazi, anatafuta pa kulitundika, analitundika kwenye msumari ule ule, juu ya sanduku. Ulikuwa msumari wa kofia ya marehemu. Kwa siri, Fundi alifurahi kuona una mzigo tena.

Lakini mama naye hakuwa mtu wa kushindwa. Mara nyingi Fundi alipokwenda jikoni kuchemsha maji, mama alinyata, akakirudisha kitambaa. Vita ikaenda hivyo, bila maneno, hadi mdogo wake mama alipoteguka nyonga, mama akaenda kumuuguza. Akakaa huko wiki nzima. Wiki hiyo Kunguni alikuja kila jioni moja kwa moja kutoka kazini, hakupita popote, na koti likakaa msumarini hadi mbu walipoanza kuimba. Ndiyo wiki Fundi alipomwambia kwamba kile kikombe kilimfichulia mapenzi yake, wakaelewana waoane. Jumamosi mjomba wake Kunguni aje azungumze na wazee.

Mama alirudi Jumatano. Alhamisi, Bi Manyoya alianza kucheza.

*

Siku hiyo mawingu yalishuka mpaka yakakaa juu ya mabati, ila mvua haikunyesha. Hewa ilikuwa nzito kama blanketi la kuazima. Fundi aliacha saa za watu zimefunguliwa mezani, akapiga magoti mbele ya sanduku, kioo chake cha jichoni kimebanwa kwenye jicho.

Miguu ya Bi Manyoya ilikuwa inarukaruka. Si yote pamoja. Kila mguu ulikuwa na mwenyewe wake: huu unapiga chini, ule unajikunja, mwingine unainuka hewani na kusahau kushuka. Alijaribu kutembea akaenda upande, akagonga kioo, akaanguka kifudifudi. Mende aliyepewa juzi alikuwa anapita juu ya mgongo wake kama anapita juu ya zulia.

Fundi alimtoa yule mende. Alilowesha pamba, akaiweka karibu na mdomo. Alichukua kibomba kidogo kipya, cha aina anayotilia saa mafuta, akatia maji safi, akadondosha tone. Tone liliteleza kwenye manyoya likaanguka mchangani.

Asubuhi alikuwa amempigia daktari wa mifugo.

"Mgonjwa ana miguu mingapi?" daktari aliuliza.

"Minane."

"Dada yangu, mimi ikizidi minne nachanganyikiwa. Mpe maji, mweke mahali patulivu, na wewe mwenyewe utulie."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya sanduku tangu alfajiri. Hakula.

"Anaondoka," alisema. "Mwanangu anaondoka mara ya pili."

"Mama, usiseme hivyo."

"Jumamosi watu waje kuzungumza, Alhamisi yeye anacheza ngoma ya kufa. Wewe ni fundi saa. Hujui kusoma saa?"

Fundi aliilowesha pamba upya. Baridi ilimpita mgongoni, na alijua haitoki dirishani.

"Hodi!"

Safari hii hakuna aliyegombea kitambaa. Kunguni aliingia na harufu yake, ile kali inayokaa nyuma ya koo, akatundika koti kwa mazoea. Tabasamu lilikuwa tayari usoni. Likafika nusu likasimama.

"Ana nini?"

"Tazama mwenyewe."

Akainama. Hakuhitaji kioo cha jichoni. Fundi alimwona akibadilika rangi, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya watu akamkuta ndugu yake ndani.

"Sema," Fundi alimwambia. "Unajua kitu."

"Mmempa mende wa nje?"

"Wa ndoo tu."

"Wale wa ndoo wazima?"

"Nenda kawatazame. Wananenepa kuliko mimi."

Alikwenda jikoni, akarudi polepole.

"Fundi wangu, ngoma hii naiona kila siku ya kazi. Mende akipata dawa, hivi ndivyo anavyocheza. Huyu hana ugonjwa. Huyu amepata dawa."

Dawa haikuwahi kupulizwa ndani ya nyumba ile. Fundi mwenyewe aliizuia mlangoni. Na Fundi akiwa bado amelala, mtu anayebaki na Bi Manyoya alikuwa mmoja tu. Mmoja ambaye hakutaka Jumamosi ifike.

Fundi aligeuka. Alijisikia akisema, na hakuweza kuurudisha ulimi.

"Mama. Umempa nini?"

"Nimempa nini nani?"

"Ulitaka nione dalili. Sasa umenitengenezea."

Mama mkwe alimgeukia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mimi," alisema, "nimtilie sumu yeye? Huyu ndiye kitu cha mwisho duniani kilichotambaa juu ya mkono wa mwanangu, halafu mimi nimtilie sumu?" Akasimama, magoti yakalia. "Niitie gari, mwanangu. Nirudi kwa mdogo wangu. Nyonga yake ina adabu kuliko wewe."

"Mama, subiri," Kunguni aliingilia. "Hakuna aliyesema—"

"Wewe nyamaza, kijana. Nimekuwa nikimkinga na wewe tangu siku ya kwanza! Ninamfunika, huyu anafunua. Ninamfunika, huyu anafunua. Nilipokuwa hapa alikuwa mzima. Nimekwenda wiki moja tu, wiki moja, nani alimfunika?"

"Ulimfunika asituone," Fundi alisema, sauti imeanza kupungua.

"Asiwaone? Buibui haoni hata mguu wake mwenyewe, marehemu aliniambia mwenyewe. Nilimfunika kwa sababu ya lile!" Akanyoosha kidole. "Linaninukia mimi mpaka chumba cha nyuma. Yeye lipo juu ya kichwa chake!"

Wote watatu wakatazama koti.

Lilikuwa limetulia msumarini, mikono inaning'inia, kama mtu asiyehusika. Kunguni alilisogelea. Alipitisha kidole chini, kwenye wavu wa sanduku, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ungaunga mweupe, mwembamba kama poda ya mtoto. Fundi alikuwa ameufuta mara ngapi akidhani ni vumbi la barabara?

"Hii ni ya mende," Kunguni alisema taratibu. "Ya unga. Naweka mfukoni, nikifika kwenye nyufa najaza kwa mkono." Akamgeukia Fundi. "Nilikuwa natoka kazini nakuja moja kwa moja. Niliogopa nikipita nyumbani kuoga nitachelewa kukuona."

Maneno hayo, siku nyingine, yangemlainisha Fundi kama nta. Siku hiyo yalimwingia kama maji ya baridi. Ni yeye aliyekuwa anavuta kitambaa. Kwa heshima ya mgeni. Kila jioni, kwa mikono yake, na tabasamu.

"Litoe," alisema. "Toka nalo. Kanawe."

*

Alipomaliza kunawa bombani uani, mikono hadi viwikoni, uso, shingo, Kunguni hakuthubutu kuingia tena. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, shati limelowa, koti amelisokomeza ndani ya mfuko wa plastiki miguuni pake.

Ndani, Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Nisamehe, Mama."

"Inuka. Utaniomba msamaha baadaye. Nishikie taa."

Walimhamisha Bi Manyoya kwa kikombe, taratibu, kama wanahamisha yai lililopasuka, wakamweka kwenye bakuli kubwa la udongo lenye taulo la karatasi lililoloweshwa. Sanduku la marehemu wakalitoa uani. Mama alishika kibomba kwa vidole vyake vilivyopinda kwa uzee lakini vilivyotulia kama mti, akadondosha tone mdomoni, akangoja, akadondosha jingine.

"Kunywa, baba. Kunywa, tumekuhamisha."

Fundi alimimina chai, akapeleka mlangoni. Upendo hauzimiki kama taa. Alipomwona amejikunyata pale, nywele zinadondosha maji, alitaka kumfunika kwa gauni lake mwenyewe.

"Pokea."

Kunguni akapokea. Kikombe kikagonga kisahani. Tik, tik, tik.

Ule mlio. Mlio alioulalia na kuuamkia. Fundi alisimama juu yake, kioo cha jichoni bado kimening'inia shingoni kwa kamba, akavitazama vidole. Kidole cha pili kinapiga. Kidole cha mwisho kinainuka na kusahau kushuka. Kila kimoja na mwenyewe wake.

"Weka kikombe chini," alisema. "Nyoosha mikono."

"Ya nini?"

"Nyoosha tu. Nawapima hivi wanaokuja kujifunza kazi."

Alinyoosha. Fundi aliinama akatazama, kama anavyotazama saa ya mteja ambaye hataki kumwambia ukweli.

"Tangu lini?"

Kunguni alijaribu kucheka. "Tangu siku nilipokuona, Fundi wangu. Si ulisema mwenyewe? Ulisema ni mapenzi."

"Usinitanie leo. Tangu lini?"

Gari lilipita barabarani. Jirani aliita kuku wake. Kunguni alirudisha mikono mapajani, mmoja ukaushika mwenzake.

"Kabla yako," alisema.

"Kabla yangu."

"Kidogo tu. Asubuhi. Na kichwa kidogo. Wenzangu wote wako hivyo, mmoja hawezi hata kufunga vifungo, mkewe ndiye anamfunga. Nilipoona umefurahi nikasema, basi, ngoja nimwachie furaha yake."

Fundi aliketi kizingitini, mbali naye kwa upana wa mtu mmoja. Ndani yake kitu kilikuwa kinaanguka kutoka ghorofani, polepole, na safari hii alikiona njia nzima.

"Nimekwisha kumzika mmoja," alisema. "Yule kazi ilimwua kwa siku moja. Wewe unataka niangalie kidogo kidogo."

"Fundi—"

"Kuna kazi nyingine. Una mabega. Una akili. Utabeba milango, utauza milango, sijui. Acha kazi ile."

"Kesho kuna ghala. Ghala zima. Mimi na mwenzangu mmoja tu ndio tunaojua kulifunga na kulijaza moshi wa dawa. Baada ya hapo..."

"Baada ya hapo kutakuwa na jingine."

Kunguni aliuvuta ule mfuko wa koti karibu na miguu yake. Hilo lilimtisha Fundi kuliko kama angebisha.

"Basi nisikilize," Fundi alisema, na sauti yake haikutetemeka, maana mtu mmoja wa kutetemeka alitosha. "Pale kona kuna pipa la taka. Ukipita, tupa lile koti. Ukilitupa, Jumamosi mjomba wako aje, na mimi mwenyewe nitamfungulia mlango. Usipolitupa, asije. Sitakuuliza tena. Sitalia mbele yako."

Kunguni aliinua uso. Macho yake yalikuwa yale yale, ya mtu anayempenda, hayo hayakuwa uongo. Aliinuka, akanyoosha mkono kumgusa shavu, akakumbuka, akaurudisha.

"Bi Manyoya atapona?"

"Tumemhamisha chombo. Huenda."

Akachukua mfuko, akashuka barabarani.

Mawingu yalikuwa yamepasuka upande mmoja, na mwanga wa jua la jioni ulilala barabara nzima, wa manjano, safi, hata jiwe dogo lilikuwa na kivuli chake. Watoto walimwona. "Kunguni huyooo!" Hakuwatishia. Aliinua mkono tu kuwapungia, na mkono ule, hata kwa mbali, Fundi aliuona ukicheza.

Akafika kwenye pipa. Akasimama.

Fundi alishika mwimo wa mlango. Kunguni aliinua mfuko, akauweka juu ya ukingo wa pipa, akaacha kiganja juu yake, kama mtu anayemtuliza mtoto. Alikaa hivyo. Mwanamke mmoja alikuja na ndoo ya taka, akamwomba apishe, akamwaga, akaondoka. Mfuko bado uko ukingoni.

Kisha akautia kwapani, akakata kona.

Nyuma, ndani ya nyumba, mama mkwe aliita kwa sauti ambayo haikuwa na ushindi wowote ndani yake.

"Mwanangu! Amekunywa. Njoo umwone, amekunywa tone zima." Kisha, "Na yule? Amelitupa?"

Fundi alibaki kizingitini. Kikombe kilikuwa chini pale kilipoachwa, chai haikupungua, kimya juu ya kisahani chake. Alikuwa na jicho la kuona unywele ulionasa kwenye springi ya saa ya kike.

"Jua limenipiga machoni, Mama," alisema. "Sikuona."